Mtoto Ashakuwa Mzito: Tuchague Mbeleko Gani?



Mtoto mchanga hana taabu kumbeba. Ukimpata mwepesi, leso moja inatosha na kazi zinaendelea. Taabu huanza anapotimiza miezi minane au tisa, akawa anatambaa, anasimama dede, na baadaye anatembea. Hapo ndipo mama husema: "Huyu ashakuwa mzito, lakini mwendo mrefu bado hauwezi." Na ni kweli. Mtoto wa mwaka na nusu atatoka mlangoni mpaka kwa jirani bila shida, lakini hawezi kutoka Gazi kijijini mpaka barabara kuu kungoja matatu ya Msambweni. Mara atalia, mara atakaa chini, mwisho ni kubebwa.

Ndiyo maana katika vikundi swali hili hurudi mara kwa mara: Je, tununue yale mabegi ya kubebea watoto yanayouzwa madukani na kwenye mitumba, au leso zetu zatosha? Vikundi vingine vinafikiria hata kutoa pesa za chama. Kabla pesa hazijatoka, hebu tuliangalie jambo hili pamoja.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: mbeleko nzuri ni ile inayomkalisha mtoto vizuri na kuupeleka uzito wake kiunoni mwako, si shingoni. Leso inaweza kufanya hivyo, na begi la dukani linaweza. Vyote viwili pia vinaweza kushindwa, na vikishindwa, anayeumia ni mgongo wa mama, au mtoto anayeanguka.

TUANZE NA UZITO

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekutazama na mtoto mgongoni huona jambo dogo tu. Basi tupime.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike wa mwaka mmoja aliye na afya ya wastani ana kama kilo 9, na wa kiume kilo 9 na nusu hivi. Wakifika miaka miwili, wa kike ana kama kilo 11 na nusu na wa kiume kilo 12. Sasa fikirini mtungi wa maji wa lita 20. Ukijazwa nusu ni kilo 10. Kwa hiyo mama anayembeba mtoto wa miaka miwili ana zaidi ya nusu mtungi mgongoni, tena mtungi unaogeuka, unaoruka, na unaotaka kuona kila kitu kinachopita njiani.

Mzigo huo ukining'inia chini, karibu na makalio ya mama, humvuta nyuma. Mama naye hujikunja mbele ili asianguke, na hapo ndipo mgongo huanza kuuma. Mzigo uleule ukikaa juu kidogo na kushikamana na mwili, mama husimama wima na uzito hushuka kwenye mifupa ya kiuno ambayo imeumbwa kubeba. Mtoto ni yuleyule na kilo ni zilezile, kilichobadilika ni mahali alipokaa.

MTOTO AKAE VIPI?

Mbeleko yoyote, iwe ya leso au ya dukani, itazameni kwa mambo manne.

Kwanza, kikao. Kitambaa kipite chini ya makalio na kushika mapaja mpaka nyuma ya goti, upande huu na upande huu. Mtoto awe amekaa kama aliye kwenye kiti, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, miguu ikiukumbatia mwili wa mama. Akining'inia kwa kitambaa chembamba kilichopita katikati ya mapaja tu, atachoka upesi na mapaja yatamuuma.

Pili, mgongo wake. Mtoto aliye macho anaweza kutoa mikono nje, kitambaa kikimfika kwapani. Akilala, kivuteni juu mpaka shingoni ili kichwa kisianguke nyuma. Uso na pua vibaki wazi kila wakati.

Tatu, kukaza. Ukiinama kidogo, mtoto asiachane na mgongo wako. Kukiwa na nafasi ya kupitisha mkono mzima kati yenu, mbeleko imelegea.

Nne, damu. Baada ya robo saa tazama miguu yake. Ikiwa imebadilika rangi, ni baridi, au kuna alama nyekundu zilizokatwa na pindo, fungua ufunge upya.

Kuna jambo moja la kututia moyo hapa. Kuna watoto ambao kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya kikombe chake cha nyonga, na wasipotibiwa huchechemea ukubwani. Huko Japani watoto wachanga walikuwa wakifungwa na miguu kunyooshwa. Mwaka 1975 walianza kampeni ya kuacha desturi hiyo, na tatizo hilo likapungua sana. Mwaka 2015 madaktari walioandika kuhusu Malawi walieleza kwamba kule tatizo hilo ni nadra sana, na wakalihusisha na desturi ya akina mama kubeba watoto mgongoni miguu ikiwa imetanuka, tangu miezi 2 hivi mpaka miezi 24. Kwa hiyo mbeleko ya bibi zetu si ushamba. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, nyonga zake zimeshakomaa zaidi, lakini kikao kilekile ndicho kinachomstarehesha.

LESO YETU

Sisi wa pwani tuna heshima ya mbeleko tangu zamani. Katika posa na ndoa za Waswahili, mama wa bibi harusi hupewa mkaja na ubeleko, kuwa shukrani kwa tumbo lililozaa na mgongo uliobeba. Neno lenyewe linatufundisha kwamba kubeba ni kazi inayohesabiwa.

Lakini tuseme kweli: jinsi tunavyoifunga leso kwa mtoto wa miezi minne haimfai mtoto wa miaka miwili. Leso moja ina urefu wa kama mita moja na nusu. Ikishamzunguka mama na mtoto mkubwa, ncha zinazobaki ni fupi, na mama huishia kuzikunja na kuzichomeka juu ya matiti. Mtoto wa kilo 12 akijirusha mara moja, mchomeko unafunguka.

Fanyeni hivi. Leso hununuliwa doti, mbili zikiwa zimeungana. Msiikate. Doti isiyokatwa ina urefu wa kama mita 3, nayo ni mbeleko kamili ya mtoto mkubwa. Mama mwenye mwili zaidi atafute kitambaa cha pamba cha mita 3 na nusu mpaka 4. Leso mpya ina wanga na huteleza, kwa hivyo ifueni mara mbili tatu kwanza. Leso kuukuu nayo itazameni mwangani. Ikionyesha matundu, au ikilia mnapoivuta wawili, iwe ya kazi nyingine.

Namna ya kufunga:

1. Simama karibu na kitanda au mkeka, na kwa mara za kwanza awepo mtu wa kukusaidia.

2. Inama mbele, mtoto apandishwe mgongoni, juu kiasi cha kuweza kuchungulia begani kwako. Miguu yake ikukumbatie.

3. Tandaza doti juu yake, pindo la chini lipite chini ya makalio mpaka nyuma ya magoti.

4. Ncha moja ipitishe juu ya bega, nyingine chini ya kwapa la upande wa pili. Zivute kwa nguvu na uzipishanishe kifuani.

5. Zirudishe nyuma zipite chini ya makalio ya mtoto, juu ya kitambaa cha kwanza, kisha zilete mbele na ufunge kiunoni fundo la mara mbili.

6. Inuka, rukaruka kidogo, tikisa mabega. Palipolegea kaza.

Kule kupita mara ya pili chini ya makalio ndiko kunakoleta uzito kiunoni. Ukiacha hatua ya tano, bega moja litabeba kila kitu. Kesho badilisha bega.

Kwa safari fupi, mtoto ambaye kila dakika ataka kushuka na kupanda anaweza kubebwa ubavuni, akikalia kiuno chako, leso ikipita juu ya bega la upande wa pili. Ni rahisi kumtoa. Lakini usiende hivyo mwendo wa saa nzima, kwani upande mmoja wa mwili ndio unaochoka.

MBELEKO ZA DUKANI

Wengi hudhani mabegi haya ni akili ya wazungu. Tuwape historia kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muuguzi wa watoto kutoka Marekani aitwaye Ann Moore alikuwa akijitolea Togo, Afrika Magharibi. Aliona akina mama wa kule wakiwabeba watoto mgongoni kwa kitambaa, nao watoto wametulia. Aliporudi kwao na kuzaa alitaka kumbeba wake vivyo hivyo, lakini kitambaa kilimshinda kufunga. Yeye na mama yake wakashona begi lenye mikanda, na mwaka 1969 likasajiliwa kisheria kwa jina la Snugli. Kwa hiyo mnapoliona begi dukani, jueni babu yake ni kitambaa cha mgongoni mwa mama wa Kiafrika.

Je, yafaa kununua? Yaweza kumfaa mama ambaye mikono yake haina nguvu ya kukaza fundo, au anayemwachia mtoto baba, shangazi au yaya wakapokezana. Ila mengi yanayoletwa Ukunda na Kongowea ni ya watoto wachanga, na mtoto wa mwaka hayamtoshi. Kabla ya kulipa, angalieni haya:

- Kikao ni kipana? Mwenye mtoto aende na mtoto. Kama kitambaa hakifiki kwenye mapaja mpaka karibu na magoti, rudisheni.

- Lina mkanda wa kiunoni? Lisilo na mkanda wa kiunoni huutundika uzito wote mabegani. Kwa mtoto mzito, hilo liacheni hata likiwa la bei ya chini.

- Linaruhusu kubeba mgongoni? Mtoto mkubwa akiwa kifuani anakuzuia kuona unapokanyaga. Akiangalia mbele ndiyo mbaya zaidi, maana anakuvuta mbele na miguu yake inaning'inia.

- Lebo inasema kilo ngapi? Mabegi mengi huandikwa uzito wa mwisho.

- Vishikizo vya plastiki vizima? Plastiki iliyokaa juani hukauka na kupasuka ghafla. Fungeni na kufungua mara kadhaa, msikilize kama vinalia sawasawa.

- Mishono imeshika? Vuteni kila mahali mkanda unapoungana na kitambaa.

Kisha tieni mfuko wa mchanga wa kilo 20 ndani yake, mliinue na kulitikisa. Afadhali lipasuke na mchanga kuliko na mtoto.

TWAWEZA KUSHONA WENYEWE

Vikundi vyenye cherehani vina njia ya tatu. Akina mama wa China tangu kale hutumia kipande cha kitambaa cha pembe nne chenye mikanda minne ya kufunga, bila kishikizo hata kimoja. Fundi wa kawaida anaweza kukishona.

Tumieni kitambaa kigumu cha pamba kama kaki, jinzi au marekani, katika tabaka mbili. Upana mpimeni kwa mtoto mwenyewe: akiwa amekaa amefungua miguu, toka nyuma ya goti hili mpaka nyuma ya goti lile. Urefu ni toka makalio mpaka shingo. Mikanda miwili ya chini iwe mipana kama kiganja na itoshe kuzunguka kiuno na kufungwa. Miwili ya juu iwe na urefu wa kama mita 2 kila mmoja, na pale inapokaa begani mtie ndani vipande vya leso kuukuu ili isikate nyama. Mikanda ya juu hupita mabegani, ikapishana kifuani, ikarudi chini ya makalio ya mtoto na kufungwa mbele.

Siri iko kwenye maungio. Ncha ya mkanda iingie ndani ya kitambaa vidole vitatu au vinne, ishonwe mraba, na ndani ya mraba msalaba, kwa uzi imara, mara mbili. Msitie shanga wala vifungo ambavyo mtoto anaweza kung'oa na kumeza. Mkishona za kuuza, kila moja ijaribiwe kwa mfuko wa mchanga kabla haijatoka. Hesabuni kitambaa, uzi, siku za fundi na fungu la chama, ndipo mpange bei. Mbeleko moja ikimwangusha mtoto wa watu, kazi yote ya kikundi imeharibika.

KAZI ZETU NA MBELEKO

Kuna mahali ambapo hata mbeleko bora haifai.

Kwenye karai. Mama karanga anayekaanga samaki asiwe na mtoto mgongoni. Mtoto mkubwa huchungulia begani na kunyoosha mkono, na mafuta huruka.

Chomboni. Katika mtumbwi au dau msimfunge mtoto mwilini. Chombo kikipinduka, nyote wawili mmefungwa pamoja. Mpakateni, akiwa na jaketi lake la kuokolea.

Kwenye mwani na kuokota chaza. Kazi ya kuinama majini haipatani na mtoto wa kilo 11. Katika kikundi, wekeni zamu: wawili wabaki ufukweni kivulini na watoto wa wote, kesho wengine.

Kwenye pikipiki. Mbeleko si kiti cha usalama. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva, na kofia ya mtoto mdogo kwa kawaida haipo. Kama matatu ipo, ngojeni matatu.

Juani. Wakati wa kaskazi joto la mama na la mtoto hujumlishwa. Kitambaa kiwe cha pamba, kichwa kifunikwe bila kuziba uso, na mtoto apewe maji au titi njiani. Nusu saa kwa nusu saa mteremsheni atembee. Miguu yake yahitaji kazi, na mgongo wako wahitaji kupumua.

NANI ABEBE?

Hili ni zito, nalo tuliseme. Mara nyingi mtoto akishakuwa mzito kwa mama, hukabidhiwa dada yake. Msichana wa miaka minane ana kama kilo 25. Mkimfunga mdogo wake wa kilo 11 na nusu, mmempa karibu nusu ya uzito wake mwenyewe. Akijikwaa huanguka nao wote. Na kama ni siku ya shule, mmempunguzia elimu ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamlazimu mzazi kumpatia. Dada ampakate mdogo wake, acheze naye, amsimulie hadithi. Kumbeba mwendo ni kazi ya mtu mzima.

Kina baba pia wana migongo. Mbeleko ya mikanda hufungwa na mwanamume vilevile, wala haimpunguzii kitu. Mama mjamzito aifunge juu ya tumbo, au ampe mwingine. Aliyejifungua kwa upasuaji, au anayehisi kizazi kinashuka, asibebe mtoto mzito kabla ya kuzungumza na muuguzi kwenye zahanati.

KAZI KWENU

Mkutano ujao, leteni kila mbeleko iliyopo: leso, kitenge, begi la mitumba. Kila mmoja afunge mbele ya wenzake na atembee robo saa na mtoto wake. Kisha mjadiliane:

1. Uzito umekaa wapi: shingoni, begani au kiunoni?

2. Kikao kimefika nyuma ya magoti?

3. Katika kikundi chetu, ni akina nani wanaoumwa mgongo, na hufungaje?

4. Ni wasichana wangapi wanaokosa shule kwa sababu ya kubeba wadogo wao? Tufanye nini?

5. Tukiwa na pesa za mbeleko tatu tu, ni nani wazipate kwanza?

Swali la tano msilikimbilie. Huenda mkagundua kwamba wengi wanahitaji kufundishwa fundo tu, na pesa zikabaki kwa yule ambaye kweli leso imemshinda.